Kompresa ya Tatu

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, Kilwa Masoko. Mawingu yalikuwa mazito na upepo haukuwapo. Mhandisi Nusaiba alifungua kompyuta yake katika chumba cha mitambo cha kiwanda cha kugandisha pweza. Alitumwa kupima programu mpya iliyokuwa ikiendesha mitambo ya baridi kwa majaribio. Ikiwa kweli ilipunguza matumizi ya umeme, kiwanda kingeinunua.

Ilikuwa imeyapunguza kwa theluthi. Kompresa mbili za kiwanda, mashine zinazozalisha baridi, zilipumzika muda mrefu, na baridi ya vyumba haikupungua. Programu yenyewe ilitaja sababu: ilikuwa imegundua kompresa ya tatu katika chumba namba mbili, isiyotumia umeme, na ilikuwa ikiipa kazi kabla ya nyingine.

"Hiyo ya tatu iko wapi?" Nusaiba alimwuliza Modesti, fundi wa zamu.

"Huyo ni Mfaume, Injinia," alisema Modesti, akijifuta mafuta mikononi. "Alifia humo mwaka jana, akipanga makreti. Tulimzika. Hitima ikasomwa, na mimi Mkatoliki wa Umakondeni nikala pilau sahani mbili. Baridi yake ndiyo haikwenda kaburini."

Wakaenda kumtazama. Mlango wa chumba namba mbili ulikuwa na kitasa upande wa nje tu. Cha ndani kilikatika zamani.

"Hodi," aliita Modesti.

"Karibuni," ilijibu sauti ya ndani.

Mfaume alikuwa ameketi juu ya kreti, na barafu imemtanda kwenye kope. Nusaiba alimsalimu, akamwekea kipimajoto begani. Bega lilikuwa baridi kuliko tundu linalotoa hewa ya baridi.

"Mlango uko wazi, kaka," alimwambia. "Mbona hutoki?"

"Zamu yangu haijafungwa. Aliyenifungia ndiye aniage."

Katika kiwanda hicho, anayefunga mlango hupaza sauti kwanza, "Nafunga!", kisha husubiri kusikia kama yuko mtu. Siku ile aliyefunga hakuita. Alikuwa Ismael, meneja, na kila mfanyakazi alilijua hilo.

Adhuhuri Mwahija, mjane wa Mfaume, alitoka kwenye meza za kusafishia pweza akaingia ofisini kwa Ismael. Nusaiba alikuwapo.

"Bwana Ismael, nimekuja kwa lilelile. Mwambie zamu imekwisha. Nikimwagia maji kaburi lake, yanaganda. Mume wangu hajalala."

"Bi Mwahija, taarifa ya ajali ilisema mlango ulijifunga wenyewe. Kauombe mlango."

"Mlango hauna mdomo, bwana. Wewe unao. Na siku ile pia ulikuwa nao."

Ismael alimgeukia Nusaiba.

"Mfaume akitoka, itakuwaje?"

"Umeme utarudi kuliwa kama zamani."

"Basi asitoke."

Nusaiba alikuwa ameandika katika tathmini yake kwamba kitasa cha ndani kirudishwe, na kwamba Mfaume aagwe. Ismael aliuliza mambo hayo mawili yanaokoa umeme kiasi gani. Nusaiba alisema hayaokoi chochote. Ismael akasema tathmini ni ya umeme. Nusaiba akayafuta.

Nusaiba alitia saini kwamba programu inafaa, maadamu kompresa ya tatu haihamishwi, akapanda basi la Lindi. Ismael aliinunua programu. Modesti aliifunika kompresa ya pili kwa turubai, kwa kuwa haikuhitajika tena. Mwahija alibisha hodi chumba namba mbili, akamtandikia mumewe kikoi mabegani, akatoka. Kabla ya kusukuma mlango alipaza sauti, "Nafunga!", akasubiri.

"Funga," alijibu Mfaume.

Akafunga, akarudi kwenye pweza wake.