Mwambie Mwenyewe

Janet alikuwa ameshaagana na familia kumi na moja, na zote zilimlisha. Ya kumi na mbili haikutokea kwenye sherehe ya kumuaga. Basi siku ya mwisho, kabla ya kurudi kwao Kisumu, alipanda kilima cha Buswelu hadi kwa Mwaija, fundi cherehani, mama yake Maulida.

Kwa miezi tisa Janet alijitolea katika kituo cha watoto wenye mtindio wa ubongo, akiwanyoosha viungo na kuwafundisha wazazi. Maulida, wa miaka sita, alimzoea kuliko wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwaija hakuinua macho. "Nilidhani umeshaondoka."

"Niondoke bila kuwaaga? Wiki nzima hamkuja."

"Nilimzuia makusudi, aanze kuzoea." Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. "Kabla yako alikuja kaka mmoja, mgeni kama wewe. Alimwambia mwanangu 'tutaonana kesho', kumbe kesho yake anasafiri. Maulida alikaa mlangoni siku nne, chakula hataki. Mnakuja na mioyo mizuri, sikatai. Ila anayebaki kumbembeleza ni mimi."

Janet aliona haya. Njiani alikuwa ameomba amkute mtoto amelala, aepuke machozi.

"Nifanye nini, mama?"

"Mwambie mwenyewe. Na usimwahidi kurudi kama hujui."

Maulida alikuwa ndani, mkekani. Alipomwona Janet alicheka kwa sauti, mikono ikimrukaruka. Janet akaketi, akamshika.

"Maulida, kesho naenda kwetu Kisumu. Jumatatu hutanikuta kituoni. Sijui kama nitarudi. Wewe hujakosea kitu."

Mtoto alimtazama, kisha uso ukamkunjamana, akalia. Janet hakumnyamazisha. Alikaa naye mpaka kilio kikaisha chenyewe, naye machozi yakimtoka.

Mwaija akaingia, akapiga magoti, akaanza kumnyoosha mwanawe mguu. Hakuhesabu moja hadi kumi kama alivyofundishwa. Aliimba polepole, akiuvuta mguu kila mstari ulipoisha. Mguu uliokuwa ukimkakamalia Janet kila siku ukalegea.

"Umeanza lini kufanya hivyo?"

"Tangu mwezi wako wa kwanza hapa. Akihesabiwa anajikaza."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa na bidii sana, nikaona nikuache."

Janet alicheka huku akijifuta macho. "Basi nifundishe, mama. Na kwetu wako watoto kama huyu."

Mwaija akamsogezea mkeka. Adhana ya magharibi iliwakuta bado wanaimba, Janet akikosea maneno na Mwaija akimrudisha mwanzo.

Baadaye Mwaija alimsindikiza hadi barabarani, Maulida mgongoni. Janet alinyoosha mkono kumuaga mtoto, lakini Maulida akageuza uso, hakutaka hata kuguswa.

"Mwache," Mwaija alisema. "Amekukasirikia, maana yake ameelewa. Leo atakula. Nenda mwanangu, ufike salama."

Janet akashuka kilima peke yake, taratibu.