Nafasi Moja kwa Mapacha wa Laliberte

Siku Korongo, timu yetu ya magongo ya barafuni, walipotolewa kwenye mtoano nilikuwa nimekaa juu ya mashine yangu ya kulainisha barafu, nyuma ya lango la pembeni, nikisubiri muda wa nyongeza uishe niingie kazini. Ilikuwa Jumapili mchana. Jua la mwezi wa nne lilipenya kwenye madirisha ya juu na kulala uwanjani kwa vipande virefu vya manjano, na wachezaji walikuwa wakipita humo wakiwaka na kuzimika, wakiwaka na kuzimika, mpaka nikawa kama ninayesinzia macho wazi.

Ulikuwa mchezo wa saba, wa kuamua, mabao mawili kwa mawili, na bao la kwanza kuingia ndilo lingemaliza. Mji mzima wa Harrow Lake ulikuwa umejibana kwenye viti vya mbao, wengine wamepakata watoto, wengine wamepakata blanketi.

"Refa!" alipiga kelele mzee Wasyl, yule mwenye duka la vipuri vya matrekta. "Hiyo filimbi umepewa ya kupulizia chai?"

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Miaka kumi na nne hatukuwa tumefika nusu fainali.

Kwangu mimi wawili kati ya wale vijana walikuwa zaidi ya wachezaji. Leland na Dorian Laliberte, mapacha, walikuwa na mwaka wa tatu wakiishi nyumbani kwangu. Ndivyo ligi ya vijana ilivyo huku kwetu: klabu inawatoa wachezaji mbali, na sisi wenye vyumba vitupu tunawapa kitanda, chakula, na mtu wa kuwagombeza. Hawa walitoka kaskazini, mwendo wa saa saba kwa gari, mahali barabara inapoishia ziwani. Walikuja wakiwa na miaka kumi na saba na begi moja kubwa la nguo wanalolichangia. Dorian alikuwa mwingi wa maneno. Leland alikuwa akiweza kushinda siku nzima bila kusema kitu, halafu jioni aniambie, "Verna, kuna ndege amejenga kwenye bomba lako la maji," basi, hayo ndiyo yake ya siku.

Uwanjani hawakuitana. Dorian alikuwa akipiga pasi bila hata kugeuza shingo, na Leland alikuwa pale pasi ilipofika. Watu wa timu nyingine walikuwa wakisema ni uchawi. Mimi niliyewaona wakipitishiana chumvi mezani bila kuombana sikuona ajabu.

Dakika ya kumi na moja ya nyongeza Dorian alikinyakua kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kwenye kona yetu, akampa mgongo mpinzani, akakitelezesha kushoto bila kutazama.

Leland hakuwepo.

Alikuwa amesimama hatua nne nyuma, katikati ya kipande cha jua, gongo limemlegea mikononi, uso ameuinua juu. Hakuwa ameanguka wala kuumia. Alisimama tu. Winga wao akakikuta kisahani kinateleza peke yake, akapiga, na kipa wetu hakuwahi hata kupiga magoti.

Ukumbi ukanyamaza. Wageni walikuwa wakirukiana na kukumbatiana, lakini kelele zao zilinifikia kama zinatoka ng'ambo ya maji. Timu mbili zikapanga mistari, zikapeana mikono, zikatoka. Watu wakaondoka wakikanyaga taratibu kama wanaotoka msibani. Hakuna aliyeniambia nilainishe barafu, maana hakukuwa na mchezo mwingine. Niliwasha mashine nikailainisha hivyo hivyo, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ikawa nyeusi na inang'aa kama ziwa kabla ya theluji ya kwanza.

Nyumbani niliwawekea pirogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, na krimu chachu, chakula wanachokipenda. Dorian alizigeuzageuza kwa uma.

"Ulikuwa wapi?" akamuuliza ndugu yake.

"Pale."

"Pale wapi?"

"Sijui, Dori."

"Hujui! Mji mzima umekuona, wewe hujui!"

"Haya," nikasema. "Kwenye meza yangu watu wanakula. Mnaotaka kupigana, nje theluji ipo ya kutosha, kazikaneni huko."

Leland akatabasamu kidogo. Dorian hakutabasamu. Tangu siku hiyo kila mmoja akawa anajichukulia chumvi yake.

Jumatano nikaanza kuyeyusha uwanja. Ni kazi ya siku kadhaa: unazima mitambo ya baridi, unamwaga maji ya moto, unaacha barafu ijiachie yenyewe. Ukungu unapanda mpaka darini. Yule korongo tuliyemchora katikati anaanza kupoteza miguu, kisha mabawa, rangi yake inaelea ukutani hadi ukutani. Ndani ya ukungu huo akatokea Orest Hnatiuk, amevaa viatu vya mpira.

Orest ni meneja wetu, na ni kocha pia. Nimesoma naye tangu darasa la kwanza.

"Verna, shuka nikwambie kitu."

"Sema tu, nasikia."

"Shuka bwana, shingo inaniuma."

Nikashuka. Akaniambia nilichokuwa nakijua na sikutaka kukijua. Ligi inaruhusu wachezaji watatu tu wa miaka ishirini kwa kila timu. Msimu ujao vijana wetu watano watakuwa na umri huo. Mmoja alikuwa amekwisha kupata nafasi ya chuo. Kipa, Orest hawezi kumwacha, wala beki wetu mrefu. Imebaki nafasi moja, na mapacha ni wawili.

"Mpeleke mmoja timu nyingine," nikasema.

"Nimepiga simu klabu tisa. Kila mtu ameshajaza watatu wake. Kuna mmoja tu angewachukua, naye anawataka wote wawili, na hana nafasi mbili." Akavua kofia, akaifuta umande. "Umewalea wewe. Ungekuwa mimi ungemwacha nani?"

"Orest, usinifanyie hivyo. Mimi ndiye ninayewafulia soksi."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Na ndiyo maana sitakujibu."

Akakaa kwenye benchi la wachezaji, nami nikakaa pembeni yake, tukatazama yule ndege akiyeyuka. Baada ya muda akasema, nusu yake akijiambia mwenyewe, "Wakinichoma na macho dukani, watakuwa na haki."

Ijumaa waliitwa mmoja mmoja ofisini. Kila mchezaji anapewa dakika zake kumi, mlango umefungwa. Wengine wanatoka wanapiga mluzi, wengine wanatoka wanatafuta choo. Leland aliingia kabla ya ndugu yake. Alipotoka alinipita ukumbini, akaniwekea mkono begani kana kwamba mimi ndiye niliyeachwa, akaenda kusubiri garini. Dorian alipoingia nilisikia kiti kikisukumwa.

"Basi nitoe na mimi!"

Sauti ya Orest ilikuwa ya chini. "Una mpaka Jumatatu ya kuamua. Nenda nyumbani."

Dorian alifika akaanza kufungasha. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi, nami nilikuwa kwenye korido na shuka zilizokunjwa, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Dorian anatia shati kwenye begi; Leland analitoa, analikunja, analirudisha kwenye droo. Shati jingine, vivyo hivyo. Hawakusemezana kwa mashati sita hivi.

"Acha," Dorian akasema.

"Acha wewe."

"Tumekuja wote, tunaondoka wote."

"Mimi naondoka kwa sababu nataka, Dori."

Dorian akasimama na soksi mkononi. Leland akakaa kitandani. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi kama siku hiyo, na aliyasema polepole, akiyatafuta.

"Ile Jumapili. Ukipata kisahani, mimi ninakuwa najua utakipeleka wapi. Siku zote. Sasa siku ile nilikuwa nakuja, nikaingia kwenye jua, na kelele zote zikaisha. Watu nawaona midomo inafunguka, sisikii kitu. Nikasikia barafu peke yake. Inalia chini yangu kama ziwa linavyolia nyumbani. Nikajua nimemaliza. Nimecheza nikashiba. Nikafurahi."

"Umefurahi tumefungwa?"

"Nilifurahi kabla. Halafu tukafungwa."

"Nimekaa siku tano," Dorian akasema, "nikidhani mimi ndiye niliyekosea. Nikidhani labda nimekupigia mahali sipo."

"Ulipiga mahali penyewe. Mimi ndiye sikuja."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambiaje? Kaka, tumetolewa, na mimi roho yangu nyeupe?"

Dorian akanipita mbio koridoni bila kuniona, akatoka bila koti. Alirudi baada ya saa nzima, viatu vimelowa, akajifungia bafuni. Jumatatu alikwenda kwa Orest akatia sahihi. Siku ya pili yake baba yao alikuja na gari kumchukua Leland. Korongo wa kweli walikuwa wanapita juu kuelekea kaskazini, mamia kwa mamia, wakilia kule juu sana ambako jicho halifiki vizuri, na sisi sote tuliokuwa uani tukawa tumeinua vichwa, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutazamana. Dorian alimwaga baba yake. Ndugu yake alimwambia tu, "Haya." Leland akajibu, "Haya."

Kiangazi kile misitu ya kaskazini iliungua wiki baada ya wiki. Moshi ulitufikia hata sisi. Jua lilikuwa linachomoza jekundu na unaweza kulikazia macho kama kiini cha yai. Dorian alipata kazi kwenye ghala la nafaka, anarudi na vumbi kwenye kope. Mama yao aliniambia kwa simu kwamba Leland amejiunga na kikosi cha wazima moto. Nilipomweleza Dorian alisimamisha kijiko, kisha akaendelea kula. Lakini asubuhi hiyo na asubuhi zote zilizofuata alikuwa akifungua redio kusikiliza upepo unaelekea wapi.

"Mpigie," nikamwambia.

"Nitampigia."

Hakumpigia. Mwezi wa nane, mvua ilipokwisha kunyesha huko juu, nikatoa gari. "Nakwenda kumwona Leland. Unakuja au unabaki na paka?"

Alikuja. Saa saba njiani, na nusu ya njia ni miti myeusi iliyosimama kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka, chini yake majani membamba mabichi yameanza kuchomoza, rangi ambayo hata kwenye ndoto sijaiona. Dorian aliweka paji la uso kwenye kioo.

Tulimkuta Leland kwenye gati dogo la mbao nyuma ya nyumba yao, anaosha buti. Alikuwa amekonda, unyusi mmoja umeungua. Akamtazama ndugu yake akishuka mteremko.

"Umenenepa, kapteni."

"Nani kakwambia mimi kapteni?"

"Kipa wenu ananipigia kila Jumapili. Wewe ndiye hupigi."

Dorian akafika kwenye gati, akasimama. "Nilikuwa nasikiliza redio," akasema. "Kila asubuhi. Upepo ukigeuka kuja kwenu, siendi kazini, naenda kukaa kwenye uwanja, kule kwenye viti."

Leland akaacha buti. "Kwenye viti unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Nakaa."

Hilo nilikuwa silijui. Nilikuwa nikiona mlango wa uwanja umefunguliwa nikidhani ni Orest.

Wakakaa ukingoni, miguu majini. Mimi niliketi nyuma yao na uzi wangu wa kufuma, niseme ukweli, nikisikiliza.

"Kambi inaanza wiki ijayo," Dorian akasema. "Sijui nitampigia nani pasi."

"Tazama kwanza, halafu piga. Binadamu wengine wote ndivyo wanavyocheza."

"Pumbavu wewe."

"Si nakufundisha."

Dorian akacheka, kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio. Leland akamsogelea tu mpaka mabega yakagusana. Wakabaki hivyo muda mrefu. Kisha mmoja akamsukuma mwenzake majini, yule akamvuta mguu, wote wakazama na nguo zao.

Nililala pale pale juu ya mbao zenye joto. Nilipoamka mtu alikuwa amenifunika koti linalonuka moshi. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na mbali sana, karibu na kisiwa, kulikuwa na vichwa viwili vyeusi vinaogelea sambamba. Nilijaribu kuwatofautisha, nikashindwa. Mama yao alinipigia kelele kutoka jikoni nikamsaidie kuparua samaki, maana wale wawili wakitoka majini watakula kama mbwa mwitu. Nikaukunja uzi wangu nikapanda kwenda kwake.