Jirani Anayepikia Matambara

Tangu Mwongeli aanze kumpeleka mtoto wake kwa mlezi wa kulipwa huko Kiamaiko, jirani yake Nerima hakuwa na raha. Kila asubuhi aliwaona wakipita, Nzilani mgongoni kwa mama yake na chupa ya uji ikining'inia begani. Walimsalimu kwa adabu ile ile ya siku zote, wakaenda zao. Yeye akabaki na sufuria yake ya maharagwe na kigoda kidogo kisicho na mwenyewe.

Kwa miaka mitatu mtoto yule alikuwa wake mchana kutwa. Mwongeli alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni, hakuwa na mume, na watu wake wote walikuwa Kitui. Siku alipojifungua, Nerima, mjane wa Kibukusu aliyelea watoto watano katika nyumba hizi za zamani za Shauri Moyo jijini Nairobi, alimpikia uji wa wimbi siku arobaini bila kuombwa. Alimkanda kwa maji ya moto, akamfulia nepi, akamfundisha kumnyonyesha mtoto akiwa ameketi vizuri. Majirani walizoea kusema kwamba Nzilani ana mama wawili, wa kumzaa na wa kumlea. Mtoto mwenyewe alimwita Nerima kukhu, kama wajukuu wake wa Bungoma walivyomwita. Na sasa, bila ugomvi wowote, mtoto akaondolewa.

Nerima alijipekua kama mtu anayechambua mchele. Je, alimkemea mtoto mbele ya watu? Alisema neno baya kuhusu Wakamba, watu wa Mwongeli? Hakuona kosa. Alipomwuliza Mwongeli, alijibiwa hivi:

"Umefanya kazi ya kutosha, mama. Nimeona nikupumzishe."

Nerima aliujua uongo wa adabu unavyosikika, maana yeye mwenyewe alikuwa fundi wa uongo huo. Akaendelea kuumia kimyakimya.

Kazi yake ilikuwa kuchemsha maharagwe na githeri, yaani mahindi na maharagwe pamoja, na kuuza kwa kikombe. Wateja wake walikuwa vibarua wa viwandani, wasukuma mikokoteni na akina mama waliorudi nyumbani wamechoka, wasiweze kukaa saa tatu wakingoja maharagwe yaive. Makaa yalipopanda bei wengi waliacha biashara hiyo. Nerima hakuacha, na sababu ilikuwa Munyoki.

Munyoki alifanya kazi katika soko la Gikomba, akifungua belo za mitumba. Katika kila belo hukosi nguo zisizouzika: iliyochanika kwapani, yenye doa la rangi, sweta iliyofuliwa hadi ikasinyaa. Zamani Munyoki alipougua homa ya matumbo, Nerima alimpelekea supu kwa wiki mbili. Yeye hakusahau. Kila jioni alipita na gunia la matambara, akaliweka mlangoni, akasema, "Mathe, kuni zako hizi," na kuondoka kabla ya kushukuriwa. Matambara yalishika moto upesi na kuwaka kwa nguvu. Kwa sababu yake, kikombe cha maharagwe kwa Nerima kilikuwa rahisi kuliko kwingine kote, na watu waliokuwa na kidogo walishiba.

Asije mtu akadhani Nerima alikuwa mzembe. Nailoni, mifuko na chupa za plastiki, hakuiruhusu motoni kwake. Alijua inaua. Siku moja alitembea hadi kwa Apondi, mwuza maharagwe mwenzake aliyekaa safu ya tatu, akachomoa chupa ya plastiki motoni kwa koleo mbele ya wateja wake, na wakakosana mwezi mzima. Lakini nguo ni nguo. Nerima alikulia karibu na Malakisi, baba yake akilima pamba. Alichuma pamba kwa mikono yake akiwa msichana, akaona ikipelekwa kiwandani kuchambuliwa. Nguo kwake ilikuwa kitu cha shambani, kama gunzi la mahindi. Kuichoma ilikuwa sawa na kuchoma mabua.

Tena aliichoma kwa heshima. Mara nyingine alikuta sweta ya mtoto yenye jina limeshonwa ndani ya ukosi kwa uzi mwekundu, nayo imekunjwa vizuri ajabu. Alimfikiria yule mama wa mbali aliyeikunja, akamwombea Mungu amzidishie, kisha akaitia motoni. Jioni alipozoa jivu, alikuta matone meusi yameganda kwenye mawe ya meko, magumu kama lami. Aliyabandua kwa kisu. Alidhani ni rangi za nguo.

Basi Jumanne moja mlezi wa Kiamaiko alifiwa, akasafiri. Mwongeli alikuja kwa Nerima alfajiri, mtoto mkononi, uso umeinama.

"Leo tu, mama. Lakini tafadhali, akae ndani. Mlango ukifungwa itakuwa vizuri. Ana mafua kidogo."

Nerima alimpokea mtoto kama aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Alimpikia yai, akamlaza kitandani, akafunga mlango kama alivyoagizwa, akatoka kuwasha moto. Lakini Nzilani hakulala. Aliimba peke yake, kisha akaanza kugonga mlango na kuita, "Kukhu, mimi nataka kigoda changu." Nerima alivumilia hadi saa nne. Halafu akawaza kama ambavyo mwanamke yeyote wa rika lake angewaza, kwamba mtoto mwenye mafua anataka joto, si kufungiwa katika chumba chenye sakafu baridi. Akamfunga shali kifuani, akamketisha karibu na meko. Mtoto akacheka. Nerima akatia motoni koti la kike, jepesi, la buluu, nalo likawaka vizuri.

Haikupita nusu saa. Kwanza kilikuwa kikohozi, kisha mluzi mwembamba kifuani, kama birika linaloanza kuchemka. Midomo ya mtoto ikabadilika rangi. Nerima alimwinua, akatoka naye barabarani, lakini magoti yake hayakuwa ya kukimbia tena. Mulongo, mteja wake, alikuwa akipita na mkokoteni wa viazi. Hakuuliza lolote. Aliuacha mkokoteni katikati ya njia, akamchukua mtoto, akakimbia naye hadi zahanati. Nerima alipofika akihema, alimkuta Mulongo amesimama mlangoni, jasho likimtoka. Alimwambia mtoto ameshapokelewa, ndipo akarudi kutafuta viazi vyake.

Ndani, mtoto alikuwa amewekewa kifuniko cha mvuke wa dawa usoni. Nesi mmoja, Waruguru, alimshika kichwa kwa mkono mmoja na kumwimbia kitu kwa sauti ya chini. Polepole mluzi ukapungua. Rangi ikarudi. Nerima aliketi kwenye benchi, akagundua kwamba bado ameshika mwiko.

Waruguru alifungua kitabu cha kliniki cha mtoto, akauliza yeye ni nani wake. Nerima alijibu kwamba ni nyanya yake.

"Basi afadhali umekuja wewe, shosho. Mama yake tumemwambia mara nne katika miezi hii mitano kwamba moshi unamdhuru kifua." Alipitisha kidole kwenye ukurasa. "Ona hapa. Jirani anapikia matambara. Tulimwambia azungumze na huyo jirani. Kila akija anasema hajapata maneno ya kuanzia. Mwishowe akaniambia amemtafutia mtoto mlezi mbali, ingawa hela yenyewe hana."

Nerima aliutazama mwandiko ule. Alisoma mwenyewe, polepole, neno baada ya neno, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Lakini matambara ni nguo," akasema. "Nguo ni pamba, binti yangu."

"Zamani, ndiyo. Nguo nyingi za siku hizi ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Zinatengenezwa upesi, zinavaliwa mara mbili tatu, zinatupwa. Ukichoma blauzi ya namna hiyo, shosho, ni kama unachoma chupa."

Nerima akayaona yale matone meusi. Miaka yote aliyoyabandua kwa kisu, na mtoto ameketi pembeni akimsimulia mambo ya paka.

Waruguru akauliza kama huyo jirani ni mtu wa kusikia, au ni wale wakali.

"Ni mimi," Nerima akasema.

Nesi hakushtuka wala hakuomba radhi. Aliketi kwenye benchi karibu naye, akauchukua ule mwiko mkononi mwake, akauweka chini. Baadaye alileta chai ya wafanyakazi katika kikombe chake mwenyewe.

"Hukujua," akasema.

"Sikujua. Lakini kifua cha mtoto hakikuuliza kama najua."

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani mchana ule, Nerima aliuzima moto kwa maji, maharagwe yakiwa nusu mabichi. Mwongeli alifika mbio kutoka kiwandani, akamkuta mtoto amelala na Nerima ameketi sakafuni kando ya kitanda. Ndipo Nerima akamwuliza kwa nini hakumwambia.

Mwongeli alianza kulia. "Ningekuambiaje, mama? Mikono iliyonikanda, niiambie inamuua mtoto wangu? Nilikuwa nikifika pale mlangoni, unanipa kikombe cha maharagwe. Naondoka nacho."

"Ungenimwagia hayo maharagwe," Nerima akasema. "Ningekasirika wiki moja. Nimezoea kukasirika."

Mwongeli akacheka katikati ya machozi. Nerima akamwomba msamaha, kwa jina lake, kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Kisha akamwomba na jambo jingine: kwamba tangu leo, akiona kosa, amwambie siku hiyo hiyo.

Jioni Munyoki alileta gunia. Nerima alimkaribisha chai, akamweleza yote bila kumlaumu, akamwomba asilete tena. Kijana wa watu alilitazama gunia lake kana kwamba lilimsaliti.

"Sasa nizipeleke wapi, mathe? Wenzangu wanazimwaga mtoni. Nikikunyima wewe, kuna mwingine atachukua. Na waliozituma hawako hapa tuwaulize."

Nerima alimfikiria tena yule mama wa mbali na uzi wake mwekundu. Mama huyo aliikunja sweta ile kwa roho safi, akaona ametenda wema. Munyoki alitenda wema. Yeye mwenyewe alilisha watu kwa wema. Mwongeli alinyamaza kwa wema. Wema wote huo ukasafiri mkono kwa mkono hadi ukafika kifuani mwa mtoto mmoja. Labda huko ng'ambo nako kuna mtu aliyejua, ila hajapata maneno ya kuanzia.

Nerima alinunua makaa. Mwongeli, akitimiza ahadi, alimwambia siku hiyo hiyo kwamba makaa yale huenda yametoka kwao Kitui, ambako miti inakatwa na mto alimochota maji akiwa mtoto sasa ni mchanga mtupu. Nerima alishusha pumzi. Basi wakakubaliana kupunguza: maharagwe yalowekwe tangu usiku, sufuria ifunikwe vizuri, moto uzimwe mapema yamalizikie ndani ya mvuke. Nzilani akarudi kushinda naye mchana, akaketi kwenye kigoda chake ndani, mlango wazi. Mluzi haukurudi wiki ile.

Lakini kikombe kilipanda bei, na wateja wakahamia kwa Apondi. Hata Mulongo alipita akitazama upande mwingine, kwa aibu. Nerima hakumlaumu. Alijua Munyoki alipeleka wapi yale magunia. Moshi aliuona ukipanda kutoka safu ya tatu.

Siku ya nne alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda. Apondi alifurahi kumwona. Alimfutia benchi kwa kanga, akampa kikombe cha maharagwe moto kabla hajaketi, akamwuliza habari za miguu yake. Nyuma yake mjukuu wake mchanga alilala katika beseni lililotandikwa blanketi, upande ule moshi ulikokwenda.

Nerima alishika kikombe kwa mikono miwili. Ndipo akamwelewa Mwongeli kabisa, miezi yake yote mitano. Ingekuwa rahisi kula, kushukuru, na kwenda.

"Apondi, dada yangu," akasema, "yale matambara ni nailoni. Karibu nimuue Nzilani nayo. Nimekuja kukuambia."

Apondi akaacha kupakua. "Juzi ulikuja kuchomoa chupa yangu. Leo wateja wamekuhama, unataka na nguo nisichome?"

"Wamenihama, ni kweli. Wewe ungenijia na habari hii, ningekujibu hivyo hivyo kwa mdomo wangu huu. Na bado ungekuwa umesema kweli."

Akamsimulia. Hakuficha koti la buluu, wala midomo ya mtoto, wala maneno yaliyoandikwa kitabuni. Apondi alichochea moto, akatia tambara jingine, akalitazama likijikunja na kudondosha tone jeusi linalowaka. Wateja wawili walikuja, akawapimia, wakaondoka. Nerima alikula maharagwe yake hadi mwisho, maana yalikuwa matamu na yalitolewa kwa moyo.

Kisha Apondi akainuka. Alishika beseni kwa mikono yote miwili, akalihamishia upande wa pili wa ua, upepo unakotoka. Akamfunika mtoto vizuri. Akarudi, akaketi mbele ya moto wake.

"Hayo makaa," akauliza bila kugeuka, "unayanunua kwa nani?"