Sikukuu ya Wasioamini

Katika jengo la kina Wisam, pale Beirut, paa halifunguliwi hivihivi. Wakristo wa Kimaroni wana zamu yao, Wasuni yao, Washia na Waorthodoksi vilevile. Kila dhehebu na sikukuu yake, kila sikukuu na ufunguo. Mkanamungu ana nini? Ana ngazi za kushukia.

Na Wisam alilitaka paa kufa na kupona. Yeye na Rindala walikuwa wametoka Kuprosi kufunga ndoa ya serikali, maana nyumbani huozwi bila padri au shehe, na Jumamosi jamaa wa pande zote mbili wanakuja kucheza. Ukumbi wa kukodi? Labda auze figo.

"Sikukuu ya nani?" akauliza Abu Tanios, mwenyekiti wa kamati ya jengo, walipoingia kikaoni, ufunguo ukining'inia shingoni pembeni ya msalaba.

"Si sikukuu, ami. Ni harusi."

"Ya dhehebu gani?"

"Sina dhehebu."

"Basi huna paa, mwanangu."

Rindala akamkanyaga mguu. Miaka yote amehubiri kwamba kutoamini si imani. Asiye na mbuzi, humuulizi mbuzi wake ana rangi gani. Leo mbuzi anatakiwa, tena haraka.

"Haya! Sisi tusioamini ni dhehebu."

Hajj Wafiq, mjumbe wa Wasuni, akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka. "Dhehebu! Unakula vileja vyetu vya Idi, unakula vya Pasaka yao, sahani zote zinarudi tupu! Dhehebu gani halina hata kileja?"

"Tutaoka!" akadakia Rindala.

"Mnafunga lini?"

"Hatufungi."

"Mnasali saa ngapi?"

"Hatusali."

"Hajj," Abu Tanios akanong'ona, "mbona dini hii tamu?"

"Tamu, lakini si dini. Ufunguo hatoi mtu."

Mara mlango ukasukumwa. Akaingia Mwalimu Olfat wa ghorofa ya pili, mstaafu wa kemia, mkanamungu tangu enzi za redio za mbao, ndara miguuni.

"Nasikia huko ngazini kuna mtu ananiingiza kwenye dhehebu! Wisam, nani kakutawaza?"

"Mwalimu, nakuomba, leo tu..."

"Mimi nimekana kwa hoja! Wewe umekana kwa uvivu, kwa sababu misa ni asubuhi!"

"Uvivu? Lifti ikikwama nani hupiga kelele 'Ee Mola'?"

"Hiyo ni lugha tu, mzushi mkubwa wewe!"

Wazee wakatazamana.

"Kamwita mzushi," akasema Abu Tanios.

"Wako wangapi humu jengoni?" akauliza Hajj Wafiq.

"Hawa wawili."

"Na wameshafarakana!" Hajj Wafiq akapiga paja. "Basi hii ni dini kamili, haina kasoro. Wape ufunguo."

"Nusu yangu ya paa sitaki hotuba," akasema Mwalimu Olfat.

Jumamosi hotuba haikuwepo kweli, nani angesikika? Ngoma ilitikisa matangi ya maji. Mwalimu Olfat alikuwa mbele ya mstari wa wachezaji wa dabke, leso ikizunguka hewani, Abu Tanios kamshika mkono wa pili, Hajj Wafiq kamshika Abu Tanios, wakikanyaga zege kana kwamba linawadai.

Rindala akamvuta bwana harusi sikio. "Mwakani tena. Sikukuu ni kila mwaka, mpenzi."

Wisam akafumbua mdomo ili aeleze, kwa mara ya mwisho, kwamba hii si sikukuu. Shangazi yake akamtia kileja cha tende mdomoni, mstari ukampitia, naye akabebwa nao.