Mikono ya Bi Mwanakombo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika Ras Kasa nikiwa na suruali ya kulalia, na kifuani nimebandikwa beji iliyoandikwa MCHORAJI.

Ras Kasa ni mji wa ufukweni. Zamani ulijaa wageni, siku hizi umejaa kunguru. Wenye hoteli wanataka kuufufua kwa kitabu cha mwongozo chenye picha, na picha hizo nazichora mimi. Kazi niliipata kwa sababu mchapishaji ni shemeji yangu. Majumba nayaweza, mawingu ndiyo usiseme, ila mikono ya watu hunishinda kabisa. Kwa hiyo watu wangu wote wameificha: huyu mfukoni, yule nyuma ya mgongo. Shemeji anasema huo ndio mtindo wangu, nami nilikuwa nimeanza kuamini.

Sasa niko ufukweni. Bahari ni ya kijivu, maana rangi ya buluu iliniishia kwenye anga. Waogeleaji wamejipanga ukingoni, mikono nyuma, wanayatazama maji. Nauuliza mwavuli mmoja kwa nini hawaingii.

"Wataogelea na nini?" unanijibu.

Nikausifu rangi zake ili tubadili mazungumzo. Ukajifunga.

Mara barabara ikajikunja kama karatasi, na nilipoinua uso nilikuwa mbele ya Hoteli ya Machweo. Juu ya mlango ilikaa nyota moja, imekunja miguu. Kitabuni niliiwekea hoteli hiyo nyota tatu, nikataka kujua mbili ziko wapi. Nyota ikaeleza, bila kinyongo, kwamba wenzake walipata hoteli yenye maji.

Mlangoni alisimama mwenye hoteli, Bi Mwanakombo, mikono yote chini ya kanga kama nilivyomchora. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimesimama hapa tangu uliponiandika."

Ni kweli, chini ya picha yake niliandika kwamba mwenyeji huwapokea wageni mlangoni kila siku. Niliona inapendeza. Kumbe yeye hakai, halali, na wageni wenyewe hawaji. Akanieleza kwamba binti yake Raziki amejifungua mtoto wa kike, hapo hapo upande wa pili wa ukurasa. Nikatega sikio. Kweli, mtoto analia nyuma ya karatasi.

Nikamwambia nasikitika, ila hilo la mikono ni mtindo wangu. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mkubwa aliyekojoa kitandani.

"Nataka kumpakata mjukuu wangu," akasema. "Nichoree mikono. Hata mibaya."

Natoa penseli. Mkono wa kwanza unatoka na vidole sita. Nyota inavihesabu kwa sauti. Wa pili unafanana na chane ya ndizi. Naifuta yote miwili kwa mkono wa shati, na shati nalo linafutika hadi begani. Waogeleaji wamekuja kutazama. Masikio yananiwaka moto, na mtoto bado analia.

Nikamwomba Bi Mwanakombo anyooshe mkono niutazame vizuri. Akainamia kanga yake mpaka nikaelewa nilichosema.

Basi nikautazama wangu wa kushoto. Miaka yote hii nachora, sikuwahi kuutazama. Nikauchora ulivyo, na kucha nilizozitafuna, na kovu la kisu cha jikoni. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika penseli, haukutulia niuone, kwa hiyo nikanakili ule ule.

Bi Mwanakombo akaitoa mikono yake mipya nje ya kanga, akaigeuzageuza.

"Yote ya kushoto," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Itamshika."

Nikayafuta maneno "kila siku" miguuni pake. Akaifunua pembe ya ukurasa kama anayefunua pazia, akapita. Punde mtoto akanyamaza. Tulisimama sote tukisikiliza ule ukimya, hata nyota. Kisha waogeleaji wakapanga foleni mbele yangu, na wa kwanza akauliza kama wa kulia nimeshajifunza.

Nikaamka nimelalia meza, shavu juu ya karatasi. Picha ya Hoteli ya Machweo ilikuwa vile vile: Bi Mwanakombo mlangoni, mikono chini ya kanga. Nikashusha pumzi, na nikaona haya kidogo kwa kuishusha.

Nikaigeuza karatasi. Nyuma, mahali ambapo sijawahi kuchora chochote, palikuwa na doa la majimaji, bado la vuguvugu. Nikalinusa. Nimelea watoto watatu. Mkojo wa kichanga siwezi kuukosea.