Fonie Isiyoharibika

Mwaka wa 2001, kila siku ya posho, ni kusema Jumamosi, nilienda kwa Papa Kasimu, mwenye malori hapa Butembo, juu yeye alikuwa na fonie, redio ya kusemea na batu ba mbali. Nilikaa kwenye benchi yake nikingoja sauti ya bwana yangu, Muyisa. Basoda, askari ba waasi, balimupeleka Beni atengeneze fonie yabo. Mvua ikinyesha inanyamaza, na ni yeye tu alijua kuirudisha. Kila alipoomba ruhusa ya kurudi nyumbani, komanda alimuuliza: na ikikufa, nani ataiamusha?

Donc Muyisa akawaza kuunda fonie yenye haimuhitaji. Aliifungia ndani ya bidon ya plastiki iliyokatwa, maji isiingie. Boulons, skrubu za batri, akaweka za kukaza na vidole, fusible, ile fyuzi, ya akiba akaibandika ndani ya kifuniko. Akaniomba vitambaa, nyekundu na nyeusi, mutu asiyejua kusoma asichanganye fil, nyaya za batri. Nikapasua kikwembe changu, lori ikavipeleka.

Papa Kasimu alimucheka mu fonie, na "À toi" ya kumuachia zamu ya kusema: "Muyisa, muganga gani anafundisha bagonjwa kujitibu? À toi."

"Ule mwenye bibi yake iko Butembo. À toi."

Benchi yote ikacheka. Mimi niliangalia chini.

Komanda akaijaribu. Alifungua fonie yote vipande vipande, akaipatia soda mwenye hajaigusa hata siku moja. Soda akafuata rangi za vitambaa, akaifunga, fonie ikasema. Niliposikia hivyo, nilifua blanketi ya Muyisa, nikaianika.

Mais komanda akaona kwamba fonie kama ile inaweza kuishi hata pahali fundi hayuko. Akamutuma Muyisa aunde zingine, azipeleke Mbau, kisha mbele ya Mbau, mu pori. Anaacha moja, anasukumwa mbele na ingine.

Posho moja, aliyejibu alikuwa soda nisiyemujua. Nikamuuliza bwana yangu, Baba Bénie, iko wapi.

"Aliweka hii, akapelekwa position ingine, mama. Wapi, hatujui. À toi."

Nikauliza kama fonie haibasumbui. Mimi mwenye nilipasua kikwembe, nilikuwa naomba ndani ya roho iharibike, bamuite.

"Hata kidogo. Inanyeshewa, inasema tu. Fil ya kitambaa nyekundu ilitoka, tukairudisha sisi benyewe. À toi."

Sauti yake ilikuwa safi, kama mutu anakaa kwenye benchi pembeni yangu.

"À toi, mama," soda akarudilia.