Kigen Ndani ya Mita Kumi

Muuguzi Wachuka alivua gambuti zake mlangoni, akazisimamisha ukutani, akaomba maji ya kunawa. Mvua ilikuwa imenyesha Keringet tangu Jumapili na matope ya njia ya zahanati yalikuwa yamemfika magotini. Alinawa hadi viwiko, akamning'iniza mtoto wa Jepkemei kwenye mizani iliyofungwa boritini, akasoma: kilo tatu na robo. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Jepkemei alikuwa kitandani karibu na dirisha, akiwatazama. Kwa miezi minane alikuwa akingoja jambo moja tu: mumewe, Kigen, arudi kutoka Juba. Kigen hakumuaga. Aliyeleta habari ni Weldon, kaka mkubwa wa Kigen, kwamba dereva mmoja wa lori ameugua na Kigen amechukua nafasi yake, ameondoka alfajiri. Tangu hapo aliyekuwa akipigiwa simu ni Weldon. Mara kwa mara alisimama mlangoni akasema Kigen anawasalimu, mtandao wa huko ni mbaya. Jepkemei aliwahi kumuuliza kwa nini mtandao huo ni mbaya kwake peke yake. Wiki iliyofuata Weldon alimnunulia simu mpya, na Jepkemei hakuuliza tena.

Siku hiyo chumbani mlikuwa na shughuli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kogo, yaani Bibi, Cheptanui, mama mkwe wa Jepkemei, ambaye alimpakata mtoto akimwitia majina. Katika ukoo wao wanawake hutaja waliotangulia mmoja baada ya mwingine, na mtoto hupiga chafya anapotajwa yule aliyerudi kupitia kwake. Walikuwa Wakristo, walianza kwa sala, na pasta alijua. Sharti lilikuwa moja. Mtu aliye hai haitwi. Hilo halikujadiliwa, kama ambavyo hakuna anayejadili kupanda viazi juu ya mwamba.

Shughuli ya pili ilikuwa ya Wachuka. Mradi mmoja wenye ofisi Nakuru uliwapa wauguzi kompyuta za mkononi. Kila mtoto aliyezaliwa alipaswa kuingizwa humo, kisha kompyuta iunganishwe kwa Bluetooth na simu ya nyumba hiyo, ili tarehe za chanjo zitumwe kwenye simu. Kompyuta zenyewe zilinunuliwa zikiwa tayari za zamani na hazikupatana na simu za siku hizi. Wauguzi walilalamika mkutanoni. Waliambiwa waendelee kujaribu.

Wachuka alijaribu simu ya Jepkemei. Zilionana, zikaulizana, zikakataana. Alijaribu yake mwenyewe, ikawa vile vile. Alijaribu ya Fancy, jirani aliyeleta uji, nayo ikakataliwa kabla hata ya kuulizwa. Ya Kogo ilikuwa kabambe, kisimu cha vitufe, haikuwa na Bluetooth kabisa.

"Hiyo mashini yako inaringa kuliko ng'ombe wa gredi," Fancy alisema.

"Wacha iringe," Wachuka akajibu. "Bila simu mtoto haingii, na asipoingia hana chanjo."

Kogo aliendelea. Alimtaja Kimosop. Alimtaja Arap Tele, na Chebwai aliyesombwa na mto, na wale waliofika na mifugo kabla ya wazungu kuzungushia mashamba nyaya. Mtoto alimsikiliza kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani. Kisha Kogo akawaza, akatikisa kichwa.

"Wameisha," alisema.

Fancy aliacha kutabasamu. Haikuwa imetokea katika boma lile kwamba wafu wote waitwe na asijibu hata mmoja.

"Hapa imepata moja," Wachuka alisema bila kuinua macho. Ilikuwa simu ya aina ya zamani, alieleza akisoma jina lililotokea kwenye kioo, na hizo ndizo zinazopatana na mashini hii. "Nani ako na simu ya Kigen?"

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Kogo alimpangusa mtoto pua kwa ukingo wa leso yake, polepole, mara mbili. Wachuka alikuwa mtu wa Dundori, na kwao mtoto hupewa jina la babu bila mtoto kuulizwa, kwa hiyo hakuona lolote la kumzuia. Alibonyeza. Ili vifaa viwili viungane ni lazima mtu wa upande wa pili naye abonyeze kukubali. Walingoja. Kompyuta ikalia mlio mfupi.

"Amekubali," Wachuka alisema. "Na chaji iko sawa, imepita nusu."

Jepkemei aliuliza simu hiyo inaweza kuwa mbali kiasi gani. Wachuka alipenda maswali ya aina hiyo. Alimweleza kwamba Bluetooth haitegemei milingoti ya simu. Mahali pa wazi hufika mita kumi, na palipo na ukuta haifiki hata hapo.

"Juba je?"

"Mama, hiyo haifiki hata kwa geti."

Aliielekeza kompyuta mlangoni, ishara ya simu ikadhoofika. Aliielekeza jikoni, ikadhoofika zaidi. Aliposogea dirishani ikapata nguvu. Nje ya dirisha palikuwa na tangi la maji, juu ya jukwaa la zege lililofika kiunoni. Weldon alilijenga wiki ile ile Kigen alipoondoka. Alikoroga saruji mwenyewe, akakataa fundi, akamaliza kwa siku mbili. Wachuka alitoa mkono nje, akaishikilia kompyuta juu ya zege ili taarifa ziende haraka: uzito wa mtoto, joto lake, jina la mama. Zote zilipita.

"Hapa inatoka poa," alisema.

Weldon alikuwa amerudi kutoka kupeleka maziwa. Alisimama kando ya tangi, mkebe mtupu mkononi, akauliza daktari anafanya nini. Wachuka alimjibu kwamba wamepata simu ya baba mtoto na wanatuma kupitia hiyo. Weldon aliitazama kompyuta, akalitazama zege, kisha akamtazama Jepkemei kupitia dirisha na hakuondoa macho.

"Mtoto ni Kigen," Kogo alisema kutoka alipoketi.

"Mama, mtu aliye hai haitwi."

"Najua."

Jepkemei alinyoosha mikono apewe mtoto. Kogo hakumpa. Alikuwa mama wa wote wawili, wa aliye dirishani na wa aliye chini, na mikono yake ilikuwa imekaza. Weldon akaingia, akanawa, akamchukua mtoto kutoka mapajani pa mama yake. Alimshika vizuri, akiegemeza kichwa chake kiwikoni.

"Basi aitwe Kigen," alisema. "Tunywe chai."

Fancy alitoka na sufuria hadi kwenye mfereji wa tangi. Alisimama hapo kidogo, kisha akafungua. Wote walikunywa. Jepkemei naye alikunywa, kwa sababu mama anayenyonyesha haruhusiwi kukataa chai, na kwa sababu Weldon alikuwa bado amemshika mtoto.

Jepkemei alipoweza kutembea alikwenda kwa chifu. Chifu alimsikiliza hadi mwisho na hakutilia shaka mashini. Alisema tu kwamba simu si mtu, na simu ikipotea anayelalamika ni mwenyewe. Aliongeza kuwa tangi lile lilihudumia majirani pia, na kiangazi kilikuwa kinakaribia. Kuhusu shamba la Kigen, lile ambalo Kigen alikataa liuzwe, chifu alimfahamisha kwamba lilikwisha kukatwa vipande na wanunuzi walikuwa wamepanda. Kigen alikuwa ametuma idhini kutoka Juba. Weldon ndiye aliyeileta.

Jepkemei aliporudi, Weldon hakumpiga. Hakutaja alikotoka. Alinunua kufuli jipya, akalitia langoni, akasema ni kwa ajili ya wezi, na ufunguo akauning'iniza shingoni mwake.

Mtoto alipofikisha wiki sita, ujumbe ulitumwa. Ilikuwa asubuhi, na Weldon alikuwa akinawa uso mferejini. Chini ya zege simu ililia kwa mlio ambao Kigen alikuwa ameuchagua, kengele ya ng'ombe. Kuku waliokuwa wamelala kivulini mwa tangi walisogea kando. Weldon alisikiliza hadi ukaisha, akafunga mfereji maji yasipotee, akajipangusa uso kwa shati.

"Mama Kigen," aliita. "Ni siku ya chanjo."

Jepkemei alimfunga mtoto mgongoni. Kogo alikaa kizingitini akimenya viazi na hakuinua kichwa. Weldon alitangulia hadi langoni, akafungua kufuli, akamsaidia kukaza leso upande ulioshuka. Alimwambia asiwe na haraka, njia ina utelezi. Yeye atasimama pale pale na ufunguo, amngoje.